Ulituma Vidole Vyangu kwa Jina Lako

Pacha wangu Kulwa,

Nakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa sababu namba yako haipatikani, na Baba na mimi hatujui unalala wapi siku hizi. Lakini nawajua watu wa mtaa wetu wa Pasiansi. Mmoja atasoma, atamwonyesha mwenzake, na mwenzake atakufikishia popote ulipo. Sitakutukana. Mama hakutulea hivyo. Nataka tu usikie kutoka kwangu, bila kunikatiza, kile ulichonifanyia, maana kwenye simu kila nilipofungua mdomo wewe ulikuwa tayari unajibu.

Nianzie Sengerema. Unakumbuka siku tuliyovuka ziwa kwenda kulichukua lile gitaa? Kanisa moja kule lilikuwa limepata vyombo vipya, na vya zamani vilirundikwa kwenye stoo yenye bati linalovuja. Rafiki yako wa kwaya ndiye aliyekupa habari. Mimi nilikuwa na sare za shule za kumaliza, wazazi wa watoto wananisubiri, lakini ulinisihi. "Doto, twende wote. Nikienda peke yangu nitauziwa ubao." Nikacheka, nikaifunika cherehani, tukaenda.

Mzee wa kanisa alilitoa chini ya viti vilivyovunjika. Zamani lilikuwa jekundu, siku ile lilikuwa na rangi ya tofali bichi. Halikuwa na uzi hata mmoja, na kila skrubu ilikuwa imeshikwa na kutu. Kwenye kivuko tukirudi ulilipakata, ukawa unapiga nyuzi ambazo hazikuwepo, mpaka mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi akakuuliza unasikia nini. Ukamwambia, "Nasikia ya kesho, mama." Watu wakacheka. Mimi nilikutazama nikajisemea moyoni kwamba nikizaliwa tena niwekwe tumbo moja na huyu huyu.

Tulipofika nyumbani, Mama alikuwa barazani na cherehani yake. Akalitazama gitaa, akatutazama na sisi.

"Hilo ni la kufufua au la kuzika?"

"La kufufua, Mama," ukamjibu.

"Haya. Ila msinichafulie vitambaa vya watu."

Skrubu ya kwanza uliiharibu wewe. Uliikandamiza bisibisi kwa nguvu zako zote, ikateleza, ikaila ile nyota ya kichwani mpaka pakabaki kishimo cha duara. Ukaiendea ya pili nayo ukaifanya vilevile. Ndipo Mama akakunyang'anya bisibisi, akanipa mimi, na juu yake akanipa kile kichupa cha mafuta ya cherehani. "Tia tone kila moja, kisha nenda kaoshe vyombo. Ukirudi ndiyo ujaribu." Wewe ulisonya kidogo, ukaenda kusimama getini.

Nilitia tone. Nikaosha vyombo. Niliporudi nilifanya kama ninavyofanya na cherehani za wateja zilizokaa miaka bila kuguswa: nikaiweka bisibisi sawasawa kwenye kichwa cha skrubu, nikaigonga kwa nyundo taratibu ili kutu ishtuke, halafu nikaikaza kwanza kidogo, kana kwamba naizidishia kufunga. Kuna mlio mdogo sana unasikika pale kutu inapoachia. Ukishausikia ndipo unageuza kufungua. Zile nyingi zilitoka hivyo, moja moja, na wewe ulikuja ukakaa karibu yangu, ukawa unazipokea na kuzipanga kwenye kifuniko cha ndoo.

Zile mbili ulizozila kichwa ndizo zilizotutesa. Ya kwanza nilikata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakiweka kati ya bisibisi na kile kishimo ili mpira ushike pale ambapo chuma kinateleza. Nilikandamiza mpaka kiganja kikawaka, ikatoka. Ya pili ilikuwa ile ya nyuma, inapoungana shingo na mwili wa gitaa. Hiyo ilikataa mafuta, ikakataa nyundo, ikakataa mpira. Ulisema tulivunje tu ubao tuuunge kwa gundi. Nikakukatalia. Nilikwenda kwa fundi redio wa pale njia panda, akaja na chuma chake cha kuyeyushia risasi, akakiegemeza juu ya skrubu mpaka ikapata moto hasa. Ilipopoa nikaichonga mfereji kichwani kwa msumeno wa chuma, mfereji wa kutosha bisibisi bapa. Nikageuza. Ikatoa ule mlio mdogo.

Ulipiga kelele, Kulwa. Ulininyanyua juu mbele ya Mama na wateja wake.

Baada ya hapo kazi ikawa ya raha. Fundi redio aliunga waya uliokatika ndani, akasafisha kile kitufe cha sauti kilichokuwa kinakwaruza. Mashimo ya skrubu yaliyokuwa yamelegea nilijaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi, nikazikata zikawa sawa na ubao. Vile vyuma vya shingoni nilivisugua taratibu kwa stilwaya ya kusugulia sufuria mpaka vikang'aa. Skrubu mpya na nyuzi tulinunua mjini. Jioni tuliyolichomeka kwenye spika ya kwaya, ulipiga mara moja tu, mlio ukatoka mzito na safi, na Baba, ambaye alikuwa anamwagilia mchicha wake, akanyanyua kichwa. Baba, unamjua, kunyanyua kichwa kwake ni hotuba.

Ulinifundisha kushika nyuzi. Hilo sitakunyima hata leo. Ulinionyesha zile sauti za kwaya, ukanivumilia vidole vilipovimba. Lakini wewe uliishia pale pale kwenye nyimbo za kwaya, na mimi nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nyumbani nalo mchana kutwa. Mteja akichelewa, nalishika. Umeme ukikatika, nalishika hivyo hivyo bila spika. Mama akiwa anakanyaga cherehani yake ile ya miguu, mimi nilikuwa natafuta nyuzi zinazokwenda na mwendo wa kanyagio, anapokaza na anapolegeza kwenye kona za kitambaa. Kidogo kidogo ukazaliwa ule mdundo ambao wewe uliuita "ule wako." Hukuwahi kuuita wetu. Nakukumbusha hilo kwa sababu baadaye ulisahau.

Mchana mmoja uliweka simu yako dirishani, ukarekodi. Nilikuuliza ya nini.

"Nataka kusikiliza nikiwa dukani. Nikikumbuka nyumbani."

Ulikuwa unauza vifaa vya simu mjini, umbali wa safari fupi tu kutoka mlangoni kwetu. Nyumbani gani hapo pa kukumbuka? Lakini mtu hamchunguzi pacha wake. Niliendelea kupiga.

Halafu ikaja ile bendi ya Dar iliyopiga kwenye harusi katika hoteli moja ya ufukweni. Ulikwenda kuwasaidia kubeba spika, ukarudi na namba ya kiongozi wao, Mzee Deo. Haikupita muda mrefu ukaingia barazani umeshika simu, uso unameremeta. "Wameniita." Mama alisimama, jambo alilolifanya kwa nadra akiwa kazini, akakushika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilikushonea mashati mawili ya kitenge, kola nimezitia kitambaa kigumu ndani ili zisilale jukwaani. Nilipokupimia mabega uliniangalia kwenye kioo macho yamejaa machozi, na nilidhani ni ya kuniacha.

Nilikuambia uchukue gitaa. Ukasema, "Hapana, Doto. Hili libaki kwako. Wao wana ya kwao." Niliwasimulia majirani. Nilisema, mnaona moyo wa kaka yangu, ameniachia. Sasa najua. Hukutaka kulisafirisha hadi mahali ambapo mtu angekwambia, haya, tupigie kama ulivyotupigia.

Mama alipofariki ulikuja na kidole cha mkono wa kushoto kimefungwa bandeji. Nilikuuliza, ukasema mlango wa gari. Siku zote za msiba kule Misungwi, kijijini kwetu, nilikufulia nguo, kwa sababu ya kidole hicho. Nilikuwa nimetoka kumvisha Mama sanda, na bado nilikumbuka kukuuliza kama maji ya chumvi yanakuchoma. Nilikuchovya kidole kwenye beseni, Kulwa. Nikaona hakina hata mkwaruzo. Nikasema moyoni, kimepona haraka, Mungu ni mwema.

Sasa nikueleze yaliyotokea barazani kwetu, maana wewe hukuwepo na huenda umesimuliwa vingine.

Bendi ilikuja Mwanza kupiga. Wewe hukuja, ulisema una homa. Mzee Deo, kwa uungwana wake, akaona hawezi kufika mji huu asije kutoa pole kwa familia ya kijana wake. Alikuja mchana, amevaa kofia, ameleta sukari na mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

Baba akamkaribisha kiti, mimi nikaleta chai. Wakaongea habari za msiba, za mvua, za samaki kuadimika. Halafu akaliona gitaa ukutani.

"Ndilo lile?" akauliza. "Ndilo alilopigia ile sauti aliyotutumia?"

Sikuelewa. Akatoa simu. "Nimepokea vijana wengi wanaojisifu," akamwambia Baba. "Huyu wenu hakujisifu, alituma tu hii. Niliisikiliza nikiwa njiani, nikasema huyu aje hata kesho."

Akaibonyeza.

Kulwa, kwanza nilisikia cherehani. Kanyagio la Mama, lile lenye mkwaruzo mdogo upande wa kulia. Kisha nikajisikia mimi mwenyewe. Kila mahali ninapokawia, kila uzi ninaougusa pembeni kidogo kwa sababu kidole changu cha mwisho ni kifupi. Na mwishoni kabisa, karibu na simu, Mama akasema kwa sauti yake ile ya kusema huku ana pini mdomoni, "Hapo hapo. Rudia hapo, Do..."

Ikakatika.

Uliikata katikati ya jina langu.

Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini. Sikuwa nimesikia sauti ya Mama tangu tulipomzika. Sikujua kama ipo mahali popote duniani. Na kumbe ilikuwa kwenye simu ya mgeni, ikitumika kukutafutia wewe kazi.

Baba ndiye aliyesema. Mimi nisingesema, nakuapia. Ningenyamaza kwa ajili yako, ningeingia ndani, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi nikilifikiria.

"Rudisha tena," akamwambia Mzee Deo. Akasikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Anayesema hapo ni marehemu mke wangu."

Mzee Deo akavua kofia.

"Na anayepiga siyo Kulwa. Kulwa hapigi hivyo. Huyo ni huyu hapa, Doto. Nimemsikia kila jioni nikiwa kwenye mchicha."

Mzee Deo aliniangalia. Aliinuka, akalitoa gitaa ukutani, akanipa. Hapakuwa na spika, nilipiga hivyo hivyo, na sikufika mbali kabla sijashindwa. Lakini alikwishasikia cha kusikia. Akakaa, akachezea ukingo wa kofia yake.

"Na mimi tangu siku aliyofika nimekuwa nikisubiri kidole chake kipone apige," akasema.

Kesho yake nikakupigia. Kumbuka, sikuanza na bendi. Sikuanza na jina. Nilikuuliza kitu kimoja tu.

"Kulwa, ile rekodi nzima iko wapi?"

"Ipi?"

"Yenye Mama. Kabla hujaikata."

Nikasikia pikipiki zikipita huko ulikokuwa.

"Nilifuta. Simu ilijaa."

"Ulifuta."

"Sikujua atakufa, Doto."

Ndiyo, hakuna aliyejua. Lakini nilikwambia ulifuta kabla simu haijajaa, kwa sababu kwenye ile nzima Mama anamaliza kulitaja jina langu. Nilitaka ukane. Hukukana. Badala yake ukaanza kunieleza mimi ni mtu wa namna gani. Kwamba nisingekwenda. Kwamba mimi napenda kukaa, nina cherehani yangu, nina wateja wangu, na kwamba msichana kwenye bendi, kule barabarani, ningepata shida, kwa hiyo ni kama ulinisaidia. Ulisema, "Kipaji chako kingebaki barazani tu. Mimi nimekifikisha mbali."

Huenda kweli nisingekwenda. Hilo nimelifikiria sana. Huenda ningesema Mama atabaki na nani, sare hazijaisha, kaka ndiye anayefaa. Ingekuwa ni mimi niliyesema. Hukuniuliza, Kulwa. Ulikaa nami meza moja, ukala chakula nilichopika, ukavaa shati nililokushonea, ukajua jibu langu bila kuniuliza swali. Watu wote mjini hapa wangeweza kunifanyia hivyo nikalala usingizi wangu. Wewe ndiye mtu pekee ambaye sijawahi kumfungia mlango, kwa sababu tangu mwanzo hatukuwahi kuwa na mlango kati yetu.

Mzee Deo aliniambia baadaye kwamba hakukufukuza. Alikutaka useme ukweli mbele ya wenzako, basi, uendelee na kazi ya kubeba vyombo vya muziki huku unajifunza. Aliniambia pia kwamba asubuhi iliyofuata kitanda chako kilikutwa kimetandikwa na mzigo wako haupo. Ungeweza kusema neno moja ukabaki. Umechagua kupotea, na sasa Baba anatoka hadi barazani kila simu ya jirani ikilia.

Mimi nimekubali kwenda nao. Tutazunguka ziwa, Bukoba kisha Musoma, tukirudi tutarekodi ule mdundo hapa hapa Mwanza. Baba alisema atajipikia. Nilipomwambia naogopa, akaniuliza naogopa watu au naogopa barabara, nikamwambia naogopa kufanana na wewe. Cherehani za wateja nimezimaliza zote nimezirudisha, na ya Mama nimeitia mafuta, nimeifunika.

Kuna nyakati barazani nasahau. Kitu cha kuchekesha kinatokea, nageuka upande wako wa kiti nikusimulie, ndipo nakumbuka. Hilo ndilo linalouma, kuliko bendi, kuliko jina. Umeniharibia hata kumbukumbu nzuri. Siku ya kivuko, siku uliyoninyanyua juu, siku ya kukupima mabega, kila moja sasa naikagua kama noti ya bandia, naigeuza kwenye mwanga nione kama ilikuwa ya kweli.

Desemba tutamjengea Mama kaburi. Shangazi wote watakuwepo Misungwi, na Baba amesema mtoto wa kwanza ndiye anayeweka tofali la kwanza. Njoo uliweke. Hakuna atakayekuzuia, na kitanda utakipata. Nitakutengea chakula kwa heshima ya Baba. Lakini usinifuate jikoni kunieleza, na usinishike mkono mbele ya watu kama ulivyonishika siku ya mazishi. Ukifika, simama pale kaburini umwambie Mama, kwa sauti ambayo shangazi wote watasikia, ni nani aliyekuwa anapiga. Nitakuwa nimesimama nyuma yako. Ukimaliza, sijui kama nitakusamehe. Ila nitajua kwamba umefika.

Aliyekufuata tumboni,
Doto